Kona ya Mazoezi: Ndani ya Mkoba wa Mama Kocha

Sisi walimu wenu wa kujitolea tuko, kazi inaendelea, na mazoezi ya Jumamosi bado yapo pale kiwanjani nyuma ya shule.

Wengi wametuuliza, hasa kina mama wa Kabazana na vijana wa Base Camp: "Walimu, kila siku mnatuambia mazoezi, mazoezi. Sasa tuvae nini? Tuko na nini?" Ni swali la haki. Tulitaka kulijibu tangu zamani, tukawa tunalisogeza mbele. Mwezi huu hatuwezi kulisogeza tena, na lazima tuanze na kosa letu wenyewe.

Mwanzoni mwa muhula tuliona watoto wengi hawaji Jumamosi. Tulipouliza, jibu lilikuwa moja: viatu. Hapa Nakivale mzazi akipata pesa ananunulia mtoto pea moja, na hiyo pea ni ya shule, ya kanisani au msikitini, na ya kwenda kusalimia wagonjwa. Mtoto akiichezea mpira, anachapwa. Hatumlaumu mzazi. Basi tukakaa na watoto tukawapa habari za Abebe Bikila, yule askari wa Ethiopia aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Alikimbia kilomita 42 na zaidi pekupeku, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, akavunja rekodi ya dunia, na alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Watoto walisikiliza midomo wazi. Tukamaliza kwa kusema: "Mmeona? Kiatu si kitu. Aliye nacho aje, asiye nacho aje."

Wakaja. Wakaja wengi mpaka tukajisifu.

Jumamosi ya tatu, mtoto mmoja wa primary ya tano alikanyaga msumari wa bati. Ulikuwa umesimama kwenye kipande cha ubao ndani ya majani, pale pembeni ambapo kulikuwa na nyumba iliyobomolewa. Hakulia. Aliuchomoa mwenyewe, akachota udongo akaziba tundu ili damu isimame, akaendelea kukimbia. Sisi tulikuwa tunaangalia. Ukweli ni kwamba tulimpigia makofi. Mmoja wetu alisema: "Huyo ndiye Bikila wetu."

Jumapili mguu ulivimba kidogo. Jumatatu hakuja shule. Jumanne mama yake alimpeleka kituo cha afya juu ya baiskeli ya jirani, homa ikiwa juu, na mganga alipofungua kile kidonda aliuliza: "Nani ameweka udongo hapa?" Mtoto alisafishwa, akachomwa sindano, akapewa dawa, akakaa nyumbani wiki tatu. Mama yake alipokuja kutuona hakupiga kelele. Alisimama mlangoni mwa darasa akasema: "Walimu, mimi niliwapa mtoto mwenye miguu miwili." Akaondoka. Hatukupata la kumjibu.

Tunaandika haya kwa sababu kuna wazazi waliosikia habari nusu nusu, na kwa sababu jambo la udongo si la huyu mtoto peke yake. Wengi tumelelewa hivyo: ukijikata, weka udongo, wengine wanaweka majivu au mavi ya ng'ombe. Wazazi wapendwa, vidudu vya pepopunda vinakaa humo humo, ndani ya udongo na ndani ya samadi. Watu husema kutu ya msumari ndiyo inaleta pepopunda. Hapana. Msumari mpya unaong'aa, ukiwa na udongo, unaweza kuileta vilevile. Tundu refu jembamba ndilo baya zaidi, kwa maana linafunga juu haraka na hewa haiingii ndani, na vidudu hivyo vinapenda pasipo na hewa. Na ugonjwa wenyewe unaweza kuchelewa wiki nzima au zaidi kabla ya kuonekana, kidonda kikiwa kimeshasahaulika. Kwa hiyo: maji mengi safi na sabuni, usizibe na kitu chochote kichafu, na uende kituo cha afya siku ile ile hata kama hakiumi. Waambie kama mtoto alimaliza chanjo zake au hapana. Hata aliyechanjwa akiwa mchanga aende, maana chanjo za utotoni peke yake hazimlindi mtu maisha yote.

Baada ya hayo tulikwenda kwa Mama Kocha.

Mnamjua. Ni yule mama anayefanyisha kina mama mazoezi Jumanne na Alhamisi asubuhi na mapema, sauti yake inasikika mpaka kwenye bomba la maji. Kabla ya kukimbia vita alikuwa anafundisha mazoezi ya mwili shuleni huko Uvira. Tulimkuta anachambua maharagwe. Tukamweleza yote, hata yale makofi. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akauliza: "Hiyo habari ya Bikila, mliwaambia mwisho wake?"

Hatukuwa tumewaambia. Mwisho wake ni huu: mwaka 1964, kwenye Olimpiki ya Tokyo, Bikila alirudi akashinda tena, na mara hii kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, yaani kwa haraka zaidi ya Roma. Hiyo ilikuwa wiki chache tu baada ya kupasuliwa tumbo kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Na mara hiyo alikuwa amevaa viatu na soksi. Hata kule Roma si kwamba alidharau viatu. Vile alivyopata havikumkaa vizuri, na yeye nyayo zake zilikuwa zimezoea miaka mingi, akaona heri peku kuliko malengelenge. Tena alikimbia kwenye barabara ya mji mkubwa iliyofungwa kwa ajili ya mbio, si kwenye majani yenye misumari ya bati.

"Mtu anayejua kazi," alisema Mama Kocha, "haulizi kama kitu ni cha bei. Anauliza kama kinamkaa." Kisha akatuletea mkoba wake, akamwaga vitu vyote juu ya mkeka, tukaviangalia kimoja kimoja. Hivyo ndivyo tunawaletea hapa. Hakuna hata kimoja kilichotoka dukani kikiwa kipya, isipokuwa soksi.

Tuanze na viatu, maana ndivyo vilitupeleka.

Yeye ana basiketi za caguwa, alizinunua soko la mitumba shilingi elfu kumi na tano baada ya kubishana nusu saa. Ametufundisha namna ya kuchagua, na tuliona aibu, sisi tunaochagua kwa kuangalia rangi. Kwanza, usinunue kiatu asubuhi. Mguu unavimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, hasa kwa mtu aliyesimama na kutembea. Kiatu kinachokutosha saa mbili asubuhi kitakubana saa kumi jioni. Pili, vaa vyote viwili, maana karibu kila mtu ana mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine, na wewe unanunua kwa ajili ya ule mkubwa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi kama upana wa kidole gumba. Ukikimbia, mguu unateleza mbele. Usipokuwa na nafasi hiyo utapoteza kucha.

Tatu, na hili ndilo la caguwa hasa: weka kiatu juu ya meza ukiangalie kwa nyuma. Kikilala upande mmoja kama mlevi, kiache. Aliyekuwa nacho Ulaya au Marekani alikitembelea vibaya, na wewe utarithi mwendo wake na maumivu ya goti juu yake. Kisha kikunje. Kiatu cha kukimbilia kinakunjika pale vidole vinapoanzia, si katikati. Kikikunjika katikati kama chapati, kimekufa. Bonyeza soli: ikiwa ngumu kama ubao, ile sponji ya ndani imeisha, hata kama juu kinang'aa. Na uvute kidogo pale soli inaposhikana na ngozi, uone kama gundi bado inashika. Muuzaji akikukataza kuvuta, umeshapata jibu.

Ukikifikisha nyumbani kioshe kwa sabuni, ukikaushe kivulini. Tunaona watu wanavianika juu ya mabati saa sita. Jua kali linaua gundi.

Na asiye na elfu kumi na tano? Tulimuuliza hivyo, na alituangalia kama wanafunzi wake. Alisema lugabire. Ndiyo, wandugu, zile zile za tairi ambazo vijana wanazikimbia eti ni za wazee wa ng'ombe. Tairi haitobolewi kirahisi na msumari wala mwiba. Sharti ni moja: iwe na mkanda wa nyuma unaoshika kisigino. Kambambili haifai hata kidogo kwa kukimbia. Vidole vinaing'ang'ania ili isitoke, mguu unachoka kabla ya mtu mwenyewe, na ikichomoka ndipo kifundo kinapogeuka. Fundi wa pale sokoni anaweza kuongeza mkanda wa nyuma kwenye lugabire kwa pesa kidogo. Mwambie aweke misumari midogo kwa pembeni na aipige vichwa vizuri, isije ikatokea ndani. Lugabire si ya kukimbilia mbali. Ni ya kuruka kamba, kutembea haraka, kucheza, kupanda kilima na kushuka. Kwa mazoezi tunayofanya Jumamosi, inatosha.

Kuna mazoezi ambayo peku ni halali yake. Wale wanaopenda judo wanajua. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, pale timu ya wakimbizi iliposhiriki kwa mara ya kwanza ikiwa na wanamichezo 10, wawili walikuwa ndugu zetu wa Kongo, Popole Misenga na Yolande Mabika, wote wa judo. Walikuwa wamebaki Brazil tangu mashindano ya dunia ya mwaka 2013, wakaomba hifadhi. Misenga alishinda pambano lake la kwanza pale Rio, na miguu yake ilikuwa wazi. Lakini judo inachezwa juu ya mkeka laini uliofagiliwa. Ukiwa na mkeka, vua viatu. Ukiwa kwenye majani yetu, vaa.

Soksi, tulisema, ndicho kitu pekee alichonunua kipya. Soksi iliyotoboka au yenye mshono mnene mbele inatengeneza lengelenge kwa dakika ishirini. Ikilowa jasho, ibadilishe. Yeye anabeba pea ya pili kwenye mfuko wa nailoni. Si zaidi ya hapo.

Sasa jambo la pili, na hapa tunawaomba akina baba wanaosoma wasigeuze ukurasa. Wana mabinti.

Muhula uliopita tulianza Jumamosi na wasichana kumi na mmoja wa madarasa ya juu. Mwisho wa muhula walibaki watatu. Tulidhani ni kazi za nyumbani, maji, kuni, kulea wadogo zao. Kweli hizo zipo. Lakini mwalimu wetu wa kike aliwaita pembeni, na walichomwambia ni kingine kabisa: wakikimbia, kifua kinauma, na wavulana wanacheka. Ndiyo hivyo tu. Hakuna aliyekuwa na sidiria inayoshika; wengine hawakuwa nayo kabisa, wengine walikuwa wamerithi za mama zao, mpira umelegea.

Mama Kocha hakushangaa. Akatuonyesha za kwake: anavaa mbili, moja juu ya nyingine. Alitueleza bila kuzunguka, nasi tunaandika bila kuzunguka. Ziwa la mwanamke halina musuli ndani yake wa kulishika. Linashikwa na ngozi na nyuzi laini za ndani, na mtu akikimbia linakwenda juu, chini na pembeni, ndiyo maana linauma. Si aibu wala uvivu. Ni mwili. Katika sidiria, kinachobeba uzito si ile mikanda ya mabegani kama tunavyodhani, ni ule mkanda unaozunguka mbavu. Basi ukiwa kwenye caguwa, usivutiwe na maua; shika ule mkanda wa chini, uvute, uone kama unarudi. Ukishaivaa, vidole viwili vipite chini yake kwa shida kidogo. Ikipanda juu mgongoni ukiinua mikono, ni kubwa. Kama mpira umelegea lakini kitambaa ni kizima, mpe fundi cherehani aupunguze au aweke mpira mpya. Ni kazi ya dakika kumi.

Na asiyepata kabisa? Kikwembe. Kipande chembamba kama upana wa mikono miwili, kinazungushwa kifuani juu ya fulana, kinafungwa pembeni. Kisifungwe kwa nguvu mpaka mtu ashindwe kupumua. Avute pumzi ndefu kwanza, kisha afunge. Si dawa ya kila siku, ni ya saa moja ya mazoezi.

Kuhusu nguo za nje tumesikia maneno mengi ya wazazi, na mengine tunayakubali. Hakuna anayelazimishwa kuvaa kaptula mbele ya watu. Mama Kocha mwenyewe anavaa suruali ya mazoezi, juu yake sketi pana inayofika chini ya goti, na hatujaona aliyemshinda kuruka. Dada zetu Waislamu wanakuja na mitandio yao. Tunaomba tu ifungwe nyuma, isiwe na pini kali wala ncha ndefu inayoweza kunaswa na kamba. Kitambaa chochote kisichobana mapaja na kisichoburuta kinafaa. Jezi za mpira za nailoni zinakauka haraka, pamba inakunywa jasho na kubaki imelowa. Ukiwa na pamba tu, beba kavu ya kurudia nyumbani, maana asubuhi zetu zina baridi na upepo unapiga kutoka ziwani.

Wavulana waliocheka tulizungumza nao. Hatutasema zaidi. Wanajijua.

Tuliona pia kofia yake ya majani, chupa ya maji ya lita moja na nusu, filimbi, na kipande cha gunia kilichoshonewa godoro kuukuu ndani yake, ndicho anacholalia akifanya mazoezi ya tumbo. Chupa hiyo inafanya kazi mbili. Ikijaa maji ina uzito wa kilo moja na nusu, hivyo kina mama wanainua mbili, moja kila mkono, na mwisho wanazinywa. Wako wanaotaka kuinua bido la lita 20 kwa kujenga mikono. Tunasema hapana. Lina kilo 20, na mgongo wako umeshalibeba mara tatu tangu asubuhi.

Kamba yake ya kuruka ni ya katani, imefungwa vitambaa kwenye ncha ili isichubue viganja. Namna ya kupima urefu: ikanyage katikati kwa mguu mmoja, vuta ncha zote mbili juu, zikifika kwapani, ni yako. Tumewapima watoto wote Jumamosi iliyopita, na tukagundua kwamba kamba zetu zote zilikuwa za watu wazima. Ndiyo maana watoto walikuwa wanajikwaa, sisi tukiwaambia hawana bidii!

Kuna mzee mmoja alitusimamisha njiani akasema: "Ninyi walimu mnacheza. Chakula kimekatwa, ninyi mnaleta habari za viatu vya kukimbilia." Mzee wetu hakukosea kuuliza. Tangu mwaka 2023 mgao hapa Uganda unatolewa kwa makundi, na kuna nyumba zilizoondolewa kabisa kwenye orodha. Tuna watoto darasani ambao tunajua kwamba chakula chao ni kimoja kwa siku. Kwa hiyo tumebadilisha utaratibu, na tunaomba wazazi wautie moyoni. Mtoto ambaye hakula usiku asikimbie. Aje akae nasi, anyooshe viungo, ahesabu, ashike saa, apulize filimbi. Hatumuulizi mbele ya wenzake. Anachagua mwenyewe kazi ya filimbi na sisi tunaelewa. Anayesikia kizunguzungu akae kivulini, ainamishe kichwa, anywe maji. Mama mjamzito au anayenyonyesha atembee tu, na mama aliyeteka maji na kukata kuni siku hiyo ameshafanya mazoezi yake, apumzike. Mazoezi yetu ni kwa ajili ya yule kijana anayekaa kwenye kibanda cha sinema mchana kutwa, na yule mama aliyetuambia kwamba saa ile moja ya Alhamisi ndiyo pekee ambayo hakumbuki alikotoka.

Kitu cha mwisho mkobani kilikuwa kimefungwa ndani ya kitambaa. Tulidhani ni redio. Ilikuwa sumaku kubwa ya mviringo, imetolewa kwenye spika mbovu, imefungwa kamba ndefu. Mama Kocha huwa anaiburuta uwanjani kabla ya kina mama kufika. Hatukuwahi kumuona kwa sababu hatukuwahi kufika mapema kama yeye.

Akatuazima. Jumamosi iliyofuata tulifika kabla ya jua, watoto wanne wakapokezana kuburuta, kutoka goli hadi goli, kisha pembeni kwenye majani. Sumaku haishiki chupa wala miiba, hivyo wengine walitembea nyuma yake wamepanga mstari, macho chini, wakiokota vipande vya glasi na kuvitia kwenye kopo. Tulihesabu misumari kumi na tisa, sindano mbili na nusu ya kiwembe. Kutoka kwenye kiwanja ambacho tuliwaambia watoto wakimbie peku!

Yule mtoto amerudi. Alikuja na mama yake Jumamosi mbili zilizopita, amevaa lugabire zenye mkanda wa nyuma, mpya kabisa, bado zinanuka tairi. Mama yake hakutusalimia kwanza. Alikwenda moja kwa moja pembeni pale, akatembea polepole kwenye majani akichokoa kwa fimbo, akaenda hadi mwisho, akarudi. Kisha akamwambia mwanawe: "Nenda." Akakaa chini ya mti mpaka mazoezi yakaisha, na Jumamosi iliyopita akakaa tena.

Tunatafuta spika mbovu. Mwenye redio au spika iliyokufa asiitupe wala asiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, atuletee shuleni, tutatoa sumaku na kumrudishia mengine. Tunahitaji mbili, moja kwa ajili ya kiwanja cha juu. Pia tunapokea sidiria na viatu vya caguwa vilivyo vizima ambavyo havimkai mwenyewe. Mwalimu wetu wa kike ndiye anayepokea na kugawa, kwa siri, kila Ijumaa baada ya masomo.

Jumamosi tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wa kuburuta sumaku wafike saa kumi na mbili.

Wenu,
Walimu wa kujitolea